Jamvi la Nyumba Mbili

Katika mtaa mzima wa Bomba Mbili hapakuwa na mtu aliyepambana na yale mafuriko kama Bi Sikudhani. Hilo alilisema mwenyewe, na alimwambia kila aliyepita. Maji yalipofika mlangoni kwake alisimama mbele yao, akayanyooshea kidole, akayaamuru yarudi yalikotoka. Kisha, kwa sababu uongo wake haukuwa na pumzi ndefu, aliongeza kwamba maji hayakusikia, na kwamba vita vyake alivimalizia juu ya paa la choo, amekumbatia jogoo wa watu, akimwita mama yake aliyekufa miaka hamsini iliyopita.

"Na jogoo naye alikuwa ananiita mimi," alimalizia. "Ndivyo tulivyotiana moyo."

Hiyo ilikuwa juzi. Leo maji yalikuwa yamesharudi mtoni kama mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga, na Bi Sikudhani alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, gauni amelikunja magotini, hajui aanze kushika nini. Mstari wa tope ulizunguka kuta zote usawa wa kifua chake, umenyooka kama uliopigwa na fundi. Godoro la sufi lilikuwa limekunywa maji likawa zito kama ng'ombe mwenye mimba. Kabati la vyombo lilikuwa limevimba milango haifunguki. Unga ulikuwa uji, chumvi ilikuwa hadithi, na ndani ya sufuria ya pilau alikuwamo kambale mzima, anahema, anamtazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Ukuta wa udongo uliotenganisha nyumba yake na ya jirani ulikuwa umemeguka, ukaacha tundu la kupitisha mtu. Kwenye tundu hilo kikatokea kichwa chenye mvi na kofia ya ukindu.

"Hodi humo. Nimekuja kudai fidia," kilisema kichwa.

Alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi, jirani yake wa miaka arobaini, na mtani wake tangu siku ya kwanza walipojuana makabila.

"Fidia ya nini, wewe mpagazi?"

"Maji haya yametoka wapi? Uluguru. Milima ya nani? Ya kwenu. Mvua ya kwenu, mto wa kwenu, uzembe wa kwenu. Mmeshindwa kufunga milima yenu vizuri, sasa kitanda changu kiko kwa Mama Zuhura."

"Na nyinyi si ndio mliozoea kubeba mizigo mpaka pwani? Maji hayo hapo. Beba."

Walicheka wote wawili. Kicheko kilipokwisha, Mihayo alikuwa anautazama ukuta nyuma ya mwenzake, mahali penye msumari usio na kitu. Bi Sikudhani alijua anatazama nini, maana kwake Mihayo pia palikuwa na msumari kama huo.

Tangu mwaka ule simu zote ziliposahau, yaani maghala ya mbali yaliyokuwa yakituhifadhia picha yalipofungwa na kila kilichokuwamo kikapotea, watu walibaki na zile tu walizowahi kuzichapisha kwenye karatasi. Wengi hawakuwa nayo hata moja. Bi Sikudhani alikuwa nayo moja: Mwajabu, binti yake, amesimama mbele ya bomba la maji na ndoo ya bluu kichwani, miaka kumi na tisa, mwezi mmoja kabla ya homa iliyomchukua. Mihayo naye alikuwa nayo moja: marehemu mkewe, Nyamizi, ameketi kwenye kiti cha harusi ya mtu mwingine, na hereni zake kubwa za duara.

Karatasi zote mbili zilikuwepo bado. Bi Sikudhani aliiokota yake chini ya kabati. Ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

*

Fundi wa jamvi alifika saa nne, msichana mrefu wa Kipare aitwaye Elineema, amebeba begani kitu kilichoviringishwa kama mkeka wa msikitini. Alisalimia kwanza.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Huo mkeka wa kulalia? Maana mimi sijalala tangu juzi."

"Huu haulaliwi, bibi. Huu unakunywa."

Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga chini zaidi. Ukuta wa tofali mbichi, alisema, ukikaushwa na jua unakauka nje na kuoza ndani. Utasimama mpaka masika yajayo, halafu utaangukia watu. Lazima maji yatolewe kutoka tumboni mwake. Majamvi ni machache na nyumba zilizozama ni mia mbili, kwa hiyo hapa litatandikwa moja kwa nyumba mbili. Hilo tundu ukutani limewarahisishia kazi.

"Yaani nilale mkeka mmoja na huyu?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Bibi, haulaliwi."

"Nimesikia, mwanangu. Nasema tu, ili yeye asipate matumaini."

Elineema akalifungua. Lilikuwa la kijivu, jembamba kama utandu wa maziwa, limefumwa kwa nyuzi za uyoga ambazo watu wa chuo walizifuga miaka ishirini mpaka zikafundishika. Alilitandaza sakafuni kwa Bi Sikudhani, akalipenyeza kwenye tundu hadi kwa Mihayo, akalipandisha ukutani huku na huku. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akatoa karanga mfukoni.

"Sasa?" aliuliza Mihayo.

"Sasa tusubiri, babu."

Mwanzoni kulikuwa na sauti tu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ng'ombe wengi, mbali sana, wanaokunywa mtoni kwa pamoja. Halafu ukuta ukaanza kubadilika. Ule mstari wa tope, ambao Bi Sikudhani aliusugua kwa brashi mpaka mkono ukafa ganzi, ulianza kushuka. Ulishuka polepole kama pazia, na nyuma yake ukuta ulibaki mkavu, mwekundu, kama siku mume wake alipoupiga lipu. Godoro likapumua. Kabati likalia, likalia tena, na mlango wake ukafunguka wenyewe kwa adabu, vikombe vyote ndani vikiwa vimekaa.

Bi Sikudhani akaingiza mkono kabatini, akakigusa kikombe kimoja, akakirudisha mahali pake.

Na jamvi lenyewe lilikuwa linageuka. Ndani ya ule ukijivu rangi zilikuwa zinatembea. Nyekundu ya kanga yake ilipita kama wingu la jioni, ikaenda hadi kwenye pindo la kanga iliyokuwa imelala pale, ikaingia ndani ya nyuzi zake, ikatulia. Na kanga iliyokuwa imechujuka ikawa mpya kama imetoka dukani. Nyeusi ya masizi ya jikoni ilikwenda upande wake. Chumvi ilijitenga ikaota pembezoni kama umande mweupe. Kwenye mkia wa jamvi, nje ya mlango, maji yalidondoka kwenye ndoo, tone, tone, tone, na yalikuwa meupe kuliko ya bomba lolote kati ya yale mawili yaliyoupa mtaa jina.

Bi Sikudhani akachota kiganjani, akanywa kabla hajazuiwa.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Haya ndiyo yaliyotaka kuniua?"

"Ndiyo hayo hayo, bibi."

Mihayo alikuwa amevua kofia. Alisimama hivyo, kofia kifuani, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada ya dini asiyoijua.

*

Alasiri Elineema aliwaita wote wawili, akawaonyesha sehemu moja ya jamvi, karibu na tundu, ambapo rangi zilikuwa zimekusanyika pamoja kama samaki kwenye tope: kahawia, nyeusi, bluu kidogo, dhahabu kidogo.

"Hii ni rangi ya picha," alisema. "Jamvi linaitambua kwa gundi yake, haichanganyiki na ya nguo. Kila chembe imetoka kwenye picha zenu mbili. Mwenye picha anaweka kiganja hapa, anakumbuka, na jamvi linaifuata kumbukumbu yake. Linapanga chembe moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Mkono ukitulia mpaka hesabu ya mia, rangi inashika kwenye karatasi iliyowekwa chini yake. Haitoki tena."

"Basi tuanze," alisema Mihayo. "Nyamizi hapendi kusubirishwa."

Elineema hakusogea. "Babu, nyingi ilikwenda na mto. Nimepima mara tatu. Iliyobaki inatosha picha moja. Ukiigawa, mtapata vivuli viwili ambavyo hakuna atakayevijua. Kesho saa sita nakunja jamvi, linahitajika mtaa wa pili. Mkubaliane nyinyi wenyewe. Mimi siwezi kuwaamulia wazee wangu."

Hakuna aliyefanya utani. Hilo lenyewe lilikuwa jambo la kutisha.

"Tutaongea," alisema Mihayo.

"Tutaongea," alisema Bi Sikudhani.

Na hawakuongea. Walikwenda shuleni walikohifadhiwa, wakala wali wa msaada, kila mmoja akausifu kuliko ulivyostahili.

*

Asubuhi, Mihayo alipokuwa kwenye foleni ya uji, Bi Sikudhani alimwambia anakwenda chooni, akaenda nyumbani.

Njiani alijipangia hoja. Mtani haibiwi, mtani anachukuliwa. Siku ya mazishi ya mume wa Bi Sikudhani, si huyu huyu Mihayo aliyeshuka kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Akapewa, akamla, na waombolezaji wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Kuku yule alidaiwa na nani? Hakuna. Ndiyo desturi. Leo yeye anachukua rangi kidogo tu. Atamwambia baadaye, watacheka.

Lakini chini ya hoja hiyo palikuwa na kitu kingine ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anamsahau Mwajabu. Ndoo aliikumbuka. Bomba alilikumbuka. Uso ulikuwa unafifia mwaka hadi mwaka, na kila ulipofifia alikuwa akienda kwenye msumari, anaitazama picha, uso unarudi. Sasa msumari ulikuwa mtupu. Akifa kesho akakutana na mwanawe huko, alijiuliza, je, atampita njiani kama mgeni?

Alipiga magoti kwenye jamvi. Akaweka kiganja.

"Mwajabu," alisema. "Mwajabu binti Athumani. Amesimama bombani."

Jamvi likapata joto chini ya mkono wake. Rangi zikaanza kuja kutoka pande zote, zinakimbilia vidoleni mwake kama vifaranga walioitwa kula. Kwanza kilitokea kipande cha sikio, laini, hai kabisa, hadi kivuli cha ndani ya sikio kilikuwepo. Kisha, chini ya sikio, hereni. Kubwa. Ya duara.

Mwajabu hakuwahi kutoga masikio.

"Siyo wewe," alinong'ona Bi Sikudhani. "Nyamizi, siyo wewe niliyekuita."

Lakini shavu likaja, na ile alama ya tetekuwanga kwenye shavu, na pembe ya mdomo wa mwanamke ambaye anakaribia kumgombeza mtu. Bi Sikudhani alimjua Nyamizi kuliko alivyotaka. Siku ya arobaini yake, kama mtani, ndiye aliyevaa gauni la marehemu, akaketi kwenye kigoda chake, akamfokea Mihayo kwa sauti ya marehemu kwa kuacha jembe mvuani, na Mihayo alicheka mpaka akalia, akalia mpaka wakamshika.

Akaunyanyua mkono kama aliyeungua. Uso ulisambaratika, rangi zikarudi kundini zikalala.

Akabaki amepiga magoti, anahema. Kwa hiyo jamvi halisikilizi kinywa. Kinywa kinaweza kusema kipendavyo. Kile kinachokukaa moyoni ndicho kinachoshuka mkononi. Na moyoni mwake, saa ile ya kuiba, alikuwamo aliyekuwa anaibiwa.

"Umenishinda, mkeka," alisema. Na alipousema ushinde wake alishangaa, maana ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

*

Saa tano walikuja wote wawili, Elineema na karatasi zake, Mihayo na kikombe cha uji alichomfunikia kwa sahani.

"Choo cha shule kimehamia huku?" aliuliza Mihayo.

"Kilikuwa na foleni. Sikiliza, wewe Mnyamwezi. Nimewaza. Chukua rangi yote. Weka Nyamizi wako."

Mihayo akaweka kikombe cha uji chini. "Na Mwajabu?"

Hapo Bi Sikudhani akacheka, kile kicheko chake cha sokoni. "Mwajabu yuko salama! Uzee, baba, uzee mbaya. Nimekumbuka leo asubuhi. Ile picha niliipeleka Matombo kwa mdogo wangu kabla ya mvua, aitie fremu. Ile karatasi nyeupe niliyookota ni ya nini sijui. Cheti cha kliniki labda."

"Matombo."

"Matombo. Kwa Mwantumu. Ipo sebuleni kwake, imependeza."

Mihayo akageuza kofia mkononi mara mbili, tatu. Uso wake ulikuwa unataka kuamini. Ulitaka vibaya mno. Ndiyo sababu Bi Sikudhani hakumtazama.

"Vizuri, bibi," alisema Elineema, akapenyeza karatasi moja chini ya jamvi. "Basi weka kiganja useme umeachia. Anayeachia lazima aachie kwa mkono wake, la sivyo jamvi linamsubiri, haliwezi kumfuata babu peke yake."

Bi Sikudhani akaikumbuka ile hereni ya asubuhi. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na mkeka mara mbili kwa siku moja. Atawaza kitu kingine. Kitu kisicho na mtu. Akatafuta haraka, akapata: maharage. Chungu cha maharage jikoni, yanachemka, basi. Nani aliwahi kulia kwa ajili ya maharage?

Akaweka kiganja, akafumba macho. "Nimeachia," alisema kwa sauti kubwa. Na moyoni: maharage. Maharage. Chungu cheusi. Mvuke. Kuni mbichi, zile za mwembe, haziwaki, zina moshi. Mtu apulize basi, moshi unatuua. Pulizia hapo chini, mwanangu, usipulize juu...

Alisikia Elineema akivuta pumzi.

Alipofungua macho ilikuwa imeshakuja nusu. Hapakuwa na ndoo. Hapakuwa na bomba. Palikuwa na msichana wa miaka kama minane, amechuchumaa mbele ya mafiga, mashavu yamejaa upepo kama chura, jicho moja limefumbwa kwa moshi na jicho la pili linamtazama mama yake kwa pembeni, linakaribia kucheka. Jivu lilikuwa kwenye nyusi. Jino moja la mbele halikuwepo. Kila unywele ulikuja mahali pake, mmoja mmoja, na mwanga wa moto ukapanda shingoni kwake, ukawa unaonekana kama unacheza.

Huo ndio uliokuwa uso. Siku zote alikuwa akiutazama ule wa msumarini akidhani ndio, kumbe huu ulikuwa umekaa ndani yake, mzima, haukufifia hata kidogo, unamsubiri amwache yule wa kwenye karatasi.

"Hii siyo picha," alisema Elineema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi, hii hakuna mtu aliyeipiga. Hapakuwa na kamera. Sijawahi... hatukujua kwamba linaweza."

Bi Sikudhani akashtuka, akavuta mkono ili rangi zitawanyike, zirudi, ziwe za mwenzake. Mkono haukutoka. Kiganja kikubwa, chenye sugu za jembe, kilikuwa kimeushika kwa juu, kimeukandamiza pale pale. Mihayo alikuwa amepiga magoti kando yake. Vidole vyake alikuwa amevipinda juu, visiguse jamvi hata kwa kucha, na macho yake ameyakaza kwa mtoto kwenye moshi kama anayeogopa kumkumbuka mtu mwingine.

"Niachie, wewe."

"Thelathini na moja," alisema Mihayo. "Thelathini na mbili."

"Mihayo. Nyamizi atakosa..."

"Thelathini na tano. Nyamizi ananigombeza kila siku bila picha. Mtani, hebu niambie. Huyu ndiye yule aliyeko Matombo?"

Bi Sikudhani alifungua kinywa. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni, na sasa hata jamvi lisingeweza kuukausha.

"Ni nakala," alisema.

"Nakala," alisema Mihayo, anamkandamiza mkono. "Ya picha ambayo haijapigwa. Arobaini. Endelea kudanganya, mama, bado tuna sitini."